Bafu la Juu ya Kitanda cha Mama

"Mwambie huyo anayeoga apunguze maji," mama alisema, akipangusa shavu kwa kona ya shuka.

Binti yake akatazama dari. "Mama, hakuna anayeoga. Tuko wawili tu humu ndani."

Tone jingine likaangukia mto. Lilikuwa la uvuguvugu, na lilinuka nywele zilizoloa zikafungiwa kitambaani.

Kiharusi kilikuwa kimemlaza mama, miguu haina kazi tena, na chumba hicho cha chini, chini kabisa ya bafu la ghorofani, ndicho pekee ambacho kitanda chake kilipita mlangoni mwake. Pa kumhamishia hapakuwepo. Mchana uleule binti akamwita fundi bomba.

"Dada, usiniangalie kama nimebeba nyundo," fundi alicheka. "Sivunji kigae hata kimoja. Nakata dari hapa chini, nafungua nati ya tundu la kutolea maji ya shawa, nabadilisha pete ya mpira, nafunga. Bafu lako halitajua kama nilikuja."

"Ukiniangushia hiyo dari, utanilisha na kunivisha mpaka nife," mama akamwambia.

"Hapo nitakuwa nimepata mama mkwe."

Binti akajifanya hajasikia. Walisukuma kitanda ukutani. Fundi alikata mraba darini, akapanda ngazi yake, kichwa na mabega vikapotelea humo ndani.

"Panda bafuni na ndoo," alisema. "Nikisema mwaga, mwaga taratibu kwenye tundu. Usishuke kuniuliza-uliza, nataka kuona maji yanapopita."

Juu, binti alichuchumaa kando ya tundu. Alisikia spana ikigonga bomba, kisha kimya kirefu.

"Mwaga."

Sauti ya fundi ilipanda kupitia tundu, karibu kuliko alivyotarajia. Akamwaga.

"Tena."

Akajaza, akamwaga. Hakusikia maji yakiteremka. Yalizama tu, kimya, kama yanamezwa.

"Tena."

Harufu ile ya nywele ikampanda puani, na bado aliendelea kujaza na kumwaga, kwa sababu aliambiwa asishuke, kwa sababu yeye ni mtu wa kufuata maagizo, na kwa sababu kila ndoo ilipokwisha sauti ilizidi kuwa ya upole, mpaka alipoinua macho kwenye kidirisha na kumwona fundi kule nje, ameinamia boksi la pikipiki yake, akipekuapekua.

Alishuka mbio. Walikutana mlangoni.

"Pete niliisahau kwenye boksi," fundi alisema. Akaiona ndoo mkononi mwa binti. "Umemwaga? Dada, mimi sijasema kitu! Nati nimeiacha wazi, chumba kizima kitakuwa kimeloa."

Sakafu ilikuwa kavu. Fundi alipanda ngazi, akapapasa bomba, akashuka polepole.

"Imefungwa," alinong'ona. "Imekazwa barabara. Si mimi."

"Sasa maji yameenda wapi?"

Fundi alikuwa akitazama kitandani, na binti alipogeuka aliona miguu ya mama imevimba mpaka ngozi inang'aa, na tumbo limeinua shuka na linayumba taratibu kutoka upande huu hadi ule ilhali mama mwenyewe hakusogea hata kidole, na alipoliwekea kiganja alihisi uvuguvugu, kisha akasikia, ndani ya mwili wa mama yake, mlio wa maji yanayozunguka yakitafuta nafasi.

"Mama? Mama yangu, niangalie."

Mama alimwangalia. Macho yalikuwa yake, yamejaa hofu, yanamsihi. Midomo ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya fundi.

"Bado ndoo moja," ilisema kwa upole. "Usipoleta, nitaanza kunywa maji ya mwilini mwake."

Spana ilimponyoka fundi. "Usimtii, dada! Shika shuka huku, tumtoe nje. Dada!"

Lakini binti alikuwa ameshafika ghorofani, na koki ilikuwa wazi.