Ratiba ya Siku Tatu na Mgeni Asiye na Jina

"Huyu Mgeni ni nani?"

Restuta aliuliza akiwa ameishika karatasi kwa ncha za vidole, kana kwamba ameiokota jalalani. Mumewe, Lusekelo, alikuwa kwenye sinki anaosha vyombo. Sahani ikamponyoka, ikatua kwenye povu.

"Mgeni gani tena?"

"Huyu uliyemwandika mwenyewe. Ijumaa saa sita, chakula: mimi, Lilian, Mgeni. Saa saba na nusu, chakula: Restuta. Peke yangu! Kwani mimi nina upele?"

"Mama Lili, hiyo ni rasimu tu."

"Rasimu yenye rangi tatu?"

Na kweli ilikuwa na rangi tatu. Lusekelo ni fundi wa lifti, na kazini ndiye anayepanga zamu za mafundi wenzake, kwa hiyo mambo ya ratiba yamo damuni. Miezi miwili mizima nyumba yao ya Kenton, London, haikuwa na habari nyingine zaidi ya safari hii. Siku tatu kwenye bustani kubwa ya mabembea, nje ya London, likizo ya shule ya Oktoba. Hoteli humo humo ndani, bwawa la kuogelea, treni la juu kwa juu linalopindua watu miguu juu. Binti yao Lilian, miaka minane, alikuwa anahesabu siku ukutani.

Restuta naye alikuwa anazihesabu, kimoyomoyo. Zamu za hospitali zilikuwa zimemchosha, na mara ya mwisho yeye na mumewe kukaa siku tatu pamoja hata haikumbuki.

Sasa tazama ratiba yenyewe. Lusekelo, Lilian na Mgeni wamewekwa jengo la mashariki. Restuta jengo la magharibi. Wao wakienda mabembea, yeye bwawani. Wao wakienda bwawani, yeye mabembea. Hata safari yenyewe: wao kwa gari saa moja asubuhi, Restuta kwa treni, afike saa saba mchana.

"Luse, nakuuliza kwa mara ya mwisho. Nani huyu?"

Lusekelo akajifuta mikono taratibu mno.

"Niamini tu. Nitakueleza tukirudi."

"Tukirudi? Wanaume wote hufumaniwa wakati wa kwenda, wewe unataka nikufumanie wakati wa kurudi?"

"Hakuna cha kufumania."

"Basi sema jina."

Lusekelo akavirudia vyombo. Lilian akachungulia mlangoni akiwa na miwani yake ya kuogelea usoni.

"Mum, are we still going?"

"Tunaenda, mama," Restuta akajibu. "Mimi ndio sijui naenda kama nani."

Kesho yake asubuhi, Lusekelo akiwa bafuni, simu yake ikalia mezani. Restuta hana tabia ya kupekua simu ya mtu, naomba hilo lieleweke. Lakini ujumbe ulijitokeza wenyewe juu ya kioo. Umetoka kwa Faustine, ndugu wa ukoo wa Lusekelo anayeishi Slough.

"Kaka, Mgeni kasisitiza tena. Restuta akiwa jengo moja naye, haji. Na wasionane hata kwa bahati mbaya. Hakikisha."

Restuta aliusoma mara nne. Mara ya tano herufi zikawa zinacheza. Alimwandalia mtoto uji, akamfunga mkanda wa begi, akamfikisha shule, kisha miguu ikampeleka yenyewe dukani kwa Rupa.

Rupa ni mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Mwanza, ana duka la viungo na nafaka pale Kenton. Anazungumza Kiswahili cha Mwanza kabisa, na akikuona una jambo hakuuzii kitu mpaka ulitoe.

"Kaa hapo juu ya gunia la mchele. Haya, nani kafa?"

"Ndoa yangu, dada Rupa."

Restuta akamweleza yote, akamwonyesha na ratiba aliyoipiga picha. Rupa akaivuta karibu na miwani.

"Eh! Mpaka chakula amewatenganisha? Mume wa hivi sijaona. Mwenye kuiba anaiba kwa kujificha. Huyu anaiba kwa ratiba!"

"Ndiyo kinachonichanganya. Angekuwa na mwanamke, si angeniacha nyumbani? Kwa nini anibebe mpaka huko halafu anifiche?"

"Labda anataka mtoto amzoee huyo mwanamke, na wewe uwe karibu mtoto akilia."

Restuta akaizima simu. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Na ukoo wao wote utafurahi," akasema. "Hawajawahi kunitaka. Baba yake, Mzee Mwalwisi, miaka tisa sasa hajanipa hata salamu. Siku ya kwanza nilipompigia simu Tukuyu, nikasema, shikamoo baba, mimi ni mkwe wako. Akakata! Tukipiga ya video, nikitokea tu, anafunika kioo kwa kiganja. Mimi, mtoto wa Bukoba, niliyefundishwa kumsalimu mkwe kwa magoti! Na kila Krismasi namtumia sweta. Tisa, dada Rupa. Sijawahi kusikia hata asante."

"Lusekelo anasemaje?"

"Anasema mtandao mbaya."

"Miaka tisa mtandao mbaya?"

Wakatazamana. Rupa akavua miwani.

"Sikiliza. Usigombane, usilie mbele yake. Wewe amekuandikia treni ya kufika saa saba, si ndiyo? Panda ya mapema, wakishaondoka tu. Fika, simama, tazama kwanza. Ukishaona kwa macho yako, utajua la kufanya."

Siku mbili zilizobaki, nyumba ilikuwa na adabu ya msibani. Lusekelo anasema, "Chai iko tayari, mama Lili." Restuta anasema, "Asante." Basi. Alhamisi jioni alimkuta mumewe sebuleni anajaribisha kofia mbili za sufu, moja ya kike ya Lilian, nyingine kubwa ya kiume.

"Hiyo kubwa ya nani?"

"Ya... yangu."

"Kichwa chako kimekua lini?"

Hapo Restuta alichanganyikiwa zaidi. Sasa mgeni ni mwanamume? Au ni mwanamke mwenye kichwa kikubwa? Alilala akiutazama ukuta. Lusekelo akamgusa bega.

"Resti, nakupenda. Hilo halijabadilika."

Restuta akavuta blanketi. Alitamani kugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka atamwamini.

Ijumaa, gari lilipoondoka tu na Lilian akipunga mkono dirishani, Restuta alivua pete, akaitumbukiza kwenye pochi ndogo, akatoka mbio kuelekea stesheni. Kufikia saa nne kasoro alikuwa ameshasimama kwenye mlango wa ukumbi wa chakula wa hoteli ile, begi mkononi.

Watoto walikuwa wamejaa tele. Katikati ya ukumbi, mfanyakazi aliyevaa vazi zito la dubu alikuwa anapigwa picha na familia. Na pale pembeni, dirishani, akawaona. Lusekelo anamimina chai. Lilian anacheka. Na mtu wa tatu, mgongo kaupa mlango, kavaa kofia ile kubwa.

Restuta akapiga hatua moja. Ya pili. Ya tatu ikagoma.

Sweta. Mgeni alikuwa amevaa sweta la rangi ya maruni lenye vifungo vya mbao. Restuta alilichagua mwenyewe dukani Harrow, Krismasi nne zilizopita, akalikunja mwenyewe, akaliandikia anwani ya Tukuyu kwa mkono wake.

"Baba?"

Mzee akageuka. Mvi kidevuni, uso wa Lusekelo mtupu, ila umeongezewa miaka thelathini.

Jamani, malezi ni malezi. Hasira zote alizopanda nazo treni zikamtoka. Restuta akatupa begi, akamkimbilia baba mkwe wake, akapiga magoti hapo hapo kwenye kapeti, mikono miwili mbele.

"Shikamoo, baba!"

Mzee Mwalwisi akaruka. Mtu wa miaka sabini na sita! Akainyakua orodha ya vyakula, akajifunika uso, akapepesuka kati ya meza, akaenda kujificha nyuma ya dubu. Dubu naye, asijue lolote, akabaki amenyanyua mikono juu. Watoto wakapiga makofi wakidhani ni mchezo.

"Baba, nimekukosea nini?" Restuta akalia, bado yuko chini. "Miaka tisa! Niambie tu nilichokosa!"

Nyuma ya dubu mzee akafoka kwa Kinyakyusa, maneno ya haraka haraka. Lusekelo akamnyanyua mkewe, akamvutia nje kwenye korido.

"Niache! Baba yako yuko Uingereza na mimi sijui? Amekuja lini?"

"Wiki mbili. Yuko Slough kwa Faustine."

"Wiki mbili! Analala kwa Faustine wakati nina chumba cha wageni? Ananichukia kiasi hicho?"

"Hakuchukii, Resti. Anakuheshimu."

"Usinitanie, Lusekelo. Leo nitakuua."

"Nisikilize. Kwetu, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Hawaongei, hawali meza moja, hawalali nyumba moja. Hata jina lake hulitaji. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Vijana wengi wameacha. Yeye hajaacha, na ni mzee wa kanisa. Bibi yangu aliishi hivyo miaka hamsini na baba wa babu."

Restuta akamkodolea macho.

"Kwa hiyo ile simu aliyokata..."

"Alitetemeka siku nzima. Aliona amekukosea wewe, kwa kuisikia sauti yako."

"Na kiganja kwenye video?"

"Heshima."

"Na mimi miaka yote ninamrushia shikamoo usoni!" Akajishika kichwa. "Kwetu heshima ni kumwendea mkwe kwa magoti. Kwenu heshima ni kumtoroka. Sasa kwa nini hukuniambia, wewe mtu?"

Lusekelo akatazama viatu vyake.

"Niliona aibu. Ile siku ya kwanza nilisema mtandao mbaya, kwa sababu niliogopa utatuona washamba. Ukishasema mtandao mbaya mara moja, unausema miaka tisa. Halafu akapata viza. Aliniambia hawezi kufa bila kumwona mjukuu wake. Nikajua nikikuambia yupo, hakuna wa kukuzuia. Utampikia, utamfuata mpaka Slough, na yeye atapanda ndege arudi. Nikapanga ratiba ili kila mtu apate."

"Kila mtu apate, isipokuwa mimi."

Lusekelo akainua uso. Macho yakamjaa machozi, na Restuta akayaona.

"Nilivua pete, Luse. Nilikuja hapa kukuacha."

"Nimeona. Tangu ulipopiga magoti, nilitazama mikono yako."

Waliegemea ukuta. Mtoto fulani akapita akikokota puto. Mwisho Restuta akajifuta uso kwa upindo wa mtandio.

"Kuzungumza kupitia mtu mwingine, inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Niitie Lilian. Na umwambie baba akae kwenye benchi pale nje, atazame mabembea."

Mabenchi mawili yalikuwa yamepangwa migongo ikigusana. Mzee akakaa la upande wa mabembea. Restuta akaja kwa upande wa ukuta, akakaa bila kugeuza shingo. Alimsikia akipumua. Lilian akasimama katikati, anawatazama kwa zamu.

"Lilian, mwambie babu, mama anasema shikamoo."

"Mum, he's right there."

"Mwambie. Na babu hajui Kiingereza."

Huyu mtoto anakisikia Kiswahili chote, ila tangu aanze shule hajawahi kumjibu mtu kwa lugha hiyo. Akameza mate.

"Babu... mama anasema shikamoo."

"Marahaba." Sauti ya mzee ilikwaruza. "Mwambie mama yako, masweta tisa yamefika. Manane nimeyavaa, mpaka kanisani nayavaa. La tisa nimelifungia sandukuni. Hilo nitazikwa nalo. Mwambie, ndaga fijo."

Lilian akahesabu kwa vidole ili asikosee.

"Mama, babu amesema sweta tisa zimekuja. Nane anavaa kanisani. Moja ni ya kuzikwa. Na ndaga fijo." Akasita. "Mama, kuzikwa ni nini?"

Restuta akajiziba uso. Alikuwa analia mabega yakimcheza, na nyuma yake akasikia mtu mwingine akipenga kamasi kwenye leso. Lusekelo, aliyesimama mbali kidogo, akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Ndaga fijo ni asante sana," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua," Restuta akamjibu. "Hata kama ingekuwa Kichina ningeelewa. Lete ratiba yako hapa. Na kalamu."

Akaikunjua magotini. Kila palipoandikwa Mgeni akapafuta, akaandika Tata, maana baba ni tata Bukoba na ni tata Tukuyu. Mabembea: wote, Tata kiti cha mbele, Restuta cha nyuma. Bwawa: Tata akiwa na Lilian, Restuta apumzike, amechoka. Chakula, saa sita: Tata, Lilian, Restuta, meza mbili, migongo ikigusana.

Akafungua pochi, akairudisha pete kidoleni, kisha akamkabidhi mumewe karatasi.

Lusekelo akaisoma, tabasamu likimpanda polepole, mpaka akafika mstari wa mwisho.

"Resti! Hii ya saa saba na nusu ni nini?"

"Soma vizuri."

"Imeandikwa: chakula, Lusekelo. Peke yangu?"

"Siku zote tatu," akasema Restuta. "Mtandao ukitulia, nitakufikiria."

Nyuma yake, kwenye benchi la upande wa pili, mzee akacheka.