Panda, Kiti Kipo

Kipandio kilishuka kabla mtu yeyote hajagusa mlango.

Fundi Komesha alikuwa amesimama pembeni, kitambaa cheusi kwa grisi begani, akikitazama. Gari lilikuwa limezimwa. Ufunguo uko mfukoni mwake. Lile bao refu la chuma, ambalo hujificha chini ya milango kama ulimi na kutoka mlango ukifunguliwa ili tajiri asipasue suruali akipanda, lilitoka lenyewe taratibu, likatulia, likangoja. Kisha likarudi ndani.

"Umeona?" aliuliza mama mwenye gari.

"Nimeona, mama. Swichi ya mlango hiyo. Imeingia maji, inadanganya gari kwamba mlango uko wazi. Kwangu mimi hicho ni kifungua kinywa."

Ndiye Komesha huyo. Jina alijipachika mwenyewe, maana aliapa hakuna ugonjwa wa gari asioukomesha. Angesomea udaktari, maiti wangeamka kwa kuona aibu. Na kila mteja aliyetoka getini alipigiwa ukelele uleule: "Karibu tena!" Dada yake, fundi wa kushona viti vya magari aliyekuwa na cherehani yake kwenye kona ya gereji hiyohiyo, alishachoka kumkanya. "We mtoto, mtu gari lake limepona unamwambia karibu tena. Unamwombea liharibike?" Komesha hucheka tu. Mdomo ulishazoea.

Gari lenyewe lilikuwa kubwa, la zamani, la kifahari, la kupanda milima na kuvuka mito, ingawa kwa usafi wa chini yake mito liliishia kuisikia. Lilikuwa la marehemu mume wa yule mama.

"Mama yangu magoti yamekwisha," alisema. "Bila kipandio hapandi. Usinifungie funge, fundi, ukakichomelea kisitoke tena. Kitengeneze. Na jambo lingine… Marehemu kila alikofika alikuwa anateremka, anafungua mlango wa nyuma, anasubiri kidogo, halafu anaufunga. Na nyuma hamna mtu. Akitaka kuondoka, hivyohivyo. Nikadhani ni uzee."

"Alikuwa anapunga upepo tu, mama."

Yule mama hakucheka. Alisema atalifuata jioni, akaondoka kwa miguu, haraka kidogo kuliko mtu asiye na haraka.

Ilikuwa Jumapili. Gereji za jirani zimefungwa, mtaa umenyamaza kama darasa mwalimu akiingia. Dada akapanda kiti cha nyuma na sindano zake, kwa sababu ngozi ya kiti hicho ilikuwa imechanika mistari mistari, kama imepapurwa kwa kucha.

"Waliweka chui humu?" aliuliza.

"Waliweka mkwe," akajibu Komesha, akajilaza chini ya gari.

Alikagua kila kitu. Mota nzima. Nyaya nzima. Pini za mikono ya kipandio zimeota kutu, lakini zinacheza. Alibadilisha swichi ya mlango, akainuka, akajipangusa. Kipandio kikashuka, kikangoja, kikarudi. Akachomoa waya wa mota. Kikashuka. Akakirudisha kwa mguu. Kikashuka tena, polepole, kama kinachosema: ndugu yangu, hatujaelewana.

Hapo wewe mwenye akili zako ungenawa mikono ukaenda nyumbani. Lakini sifa ni mzigo ambao mwenyewe huuona kofia. Komesha aliinama kwa madaha, mkono mmoja tumboni, mwingine ukionyesha mlango wa nyuma uliokuwa wazi, akatangaza kwa sauti ya mpiga debe:

"Haya, bwana mkubwa! Usisimame jua linakuchoma! Panda, kiti kipo!"

Kipandio kikabonyea.

Gari zima likalala upande ule, springi zikalia, kisha likakaa sawa. Mlango wa nyuma ukajifunga bila kishindo, kama umefungwa na mtu aliyelelewa vizuri. Ikabaki harufu: marashi ya waridi, na ndani ya marashi, nywele zilizoungua.

"Dada, umejisogeza?"

Kimya. Akajiambia ana uzi mdomoni. Akajiambia pia upepo, springi chovu, na mengine ambayo mtu hujiambia akiwa hataki kugeuza shingo. Kisha hasira zikamfaa kuliko woga. Alichomoa betri kama inavyotakiwa kabla ya kuchomelea, akakisukuma kipandio mpaka ndani kabisa, akavuta mashine ya kuchomelea, na pale kwenye mikono akabandika madoa mawili ya moto. Funge, ile aliyokatazwa. Magoti ya watu yatajijua.

"Leo hushuki tena!" alisema, akikipiga teke.

Ndani ya gari mtu akacheka. Kicheko cha chini, kizito, cha mtu mzima aliyeshiba.

Komesha alishika mlango. Umefungwa. Akazunguka, milango yote imefungwa, na betri ile pale sakafuni, imekaa kando kama mtoto aliyetolewa kwenye mchezo. Aliweka viganja kwenye kioo akachungulia. Dada yake ameketi katikati ya kiti, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, sindano bado imechomekwa kwenye ngozi ya kiti, na macho yake yanatazama mbele kama abiria anayesubiri gari liondoke.

"Dada! Fungua!"

Midomo ya dada ilicheza kidogo. Sauti iliyopenya kwenye kioo ilikuwa yake, ndogo, ya chini ya kisima. "Mdogo wangu… pumzi." Kisha midomo ileile, bila kufungwa wala kufunguliwa upya, ikatoa sauti ya pili, ile nzito: "Twende."

Akachukua nyundo akakipiga kioo kwa nguvu zake zote, na kioo hakikuacha hata alama, lakini kwenye paji la uso la dada yake, mahali palepale nyundo ilipotua, pakavimba polepole nundu ya mviringo yenye ukubwa wa kichwa cha nyundo. Nyundo ikamtoka mkononi. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, na ndipo akaona ukungu wa pumzi za dada yake kwenye kioo: unatanda, unafifia, unatanda tena, na kila ukitanda ni mdogo kuliko uliotangulia.

Akakimbia kwa Mama Kufuli.

Huyu alikuwa na kibanda chake ukuta kwa ukuta na gereji, anachonga funguo na kufungua vitasa vilivyogoma. Kila mtu mtaani alijua kwamba huwafungua pia watu waliofungwa kwa ndani, ila jambo hilo halikuandikwa kwenye kibao chake. Alikuja na pete yake ya nyaya, akainama kwenye kioo, akanusa. Akazirudisha nyaya mfukoni.

"Nani kamkaribisha?" alinong'ona.

"Hakuna, mama."

"Komesha."

"Nilitania! Nilisema… panda, kiti kipo."

Mama Kufuli alifumba macho. "Mwanangu. Mtu anayekaliwa na jini anaitwaje?"

"Kiti."

"Na jini akimwingia mtu, tunasema kafanyaje?"

"Kapanda."

"Basi. Umemwita apande, umemwambia kiti kipo. Na pale kwenye kiti alikuwepo nani?"

Ukungu kwenye kioo ulikuwa umebaki kama kiganja cha mtoto.

"Mwambie ashuke, mama, nakuomba."

"Ashukie wapi? Huyu kafugwa na watu wa heshima. Hufunguliwa mlango, huwekewa kipandio. Bila hicho hashuki, atakaa mpaka kiti kiishe. Kipandio chake kiko wapi?"

Komesha alitazama yale madoa mawili ya kuchomelea, bado yana rangi ya buluu kwa moto.

"Nenda chini," alinong'ona Mama Kufuli. "Kitengeneze. Usikifungue tu, kitengeneze, kishuke chenyewe kama mwenye gari alivyokuagiza."

Akajiburuta chini ya gari na grenda, na cheche zilipoanza kumrukia usoni gari nalo likaanza kushuka, si kuanguka, kushuka tu, springi zikijikunja kidogo kidogo kama mtu mnene anayejiweka sawa kitini, mpaka bomba la moshi likagusa kifua chake na hakuweza tena kugeuka ubavu wala kurudi alikotoka. Alikata doa la kwanza, akakata la pili kwa mkono mmoja huku harufu ya waridi ikimjaa puani na nywele zake mwenyewe, alizidhani zinaunguzwa na cheche, zikivutwa taratibu na vidole kutoka upande ambao hapakuwa na mtu. Pini ilikuwa imepinda kwa moto wake mwenyewe. Akainyoosha akilia, akaisugua kutu, akaipaka grisi kwa kidole, na juu yake, nyuma ya bati jembamba, dada yake akikwaruza sakafu kwa kucha, polepole, na kila mkwaruzo ukija kwa kuchelewa kuliko uliopita, mpaka akawa anangoja unaofuata na haujaja, na haujaja, na haujaja.

"Tayari!" alipiga kelele.

Mlango wa nyuma ukafunguka. "Umefika, bwana," alisema Mama Kufuli, kwa adabu ya mwenye nyumba. "Shuka."

Kipandio kikashuka kikamkuta Komesha bega moja limetokeza nje, kikambana. Kikabonyea. Uzito ule ulipita juu ya mfupa wake, mguu mmoja, kisha wa pili, bila haraka, kama wa mvaaji wa viatu vizuri. Kisha haukuwepo. Gari likainuka.

Dada yake aliangukia sakafuni akikohoa, akivuta hewa kwa kelele kama ndoo inayotoka kisimani. Komesha alijichomoa chini ya gari, akamkumbatia na grisi zake zote. "We mtoto," dada alikoroma, "utaniua siku moja na huo mdomo."

"Sikilizeni," alisema Mama Kufuli. "Ameshuka, hajaondoka. Yupo hapahapa anatafuta pa kukaa. Asipokaribishwa mpaka jua lizame, atachukuliwa na upepo. Komesha, mimi nimefungua kila aina ya mlango, lakini huo mdomo wako hauna kitasa. Uufunge kwa mkono."

Komesha akaziba mdomo kwa mkono.

Mama mwenye gari alikuja jua likiwa jekundu juu ya mabati. Komesha alirudisha betri bila neno. Akafungua mlango bila neno. Kipandio kikateleza nje laini kama kimepakwa asali, kikarudi. Yule mama akafungua, akafunga, akafungua tena, uso ukang'aa. Aliuliza maswali, dada akajibu yote, kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye paji la uso. Komesha alitikisa kichwa tu. Yule mama akaketi kwenye usukani, akawasha, akatoka getini polepole. Nusu ya jua ilikuwa imekwisha kuzama.

Akateremsha kioo, akatoa kichwa.

"Fundi! Kweli wewe ni Komesha!"

Nani angevumilia? Kifua kikajaa. Mkono ukatoka mdomoni, ukapunga juu.

"Karibu tena, mama!"

Gari lilikata kona. Mama Kufuli alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Dada alikuwa amerudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, akimtazama mdogo wake namna mtu anavyomtazama mgeni. Hewa ilinukia waridi.

Komesha alitaka kuwaambia alimaanisha yule mama. Alifungua mdomo aseme hivyo. Mdomo ukafunguka, na sauti nzito ya mtu mzima aliyeshiba ikatoka humo, taratibu, kwa adabu zote:

"Ahsante. Nimeshakaribia."