Fimbo ya Shaba Chini ya Mkwaju

Haya ya Lawwali wa Tudun Wada, Zaria, yalianza kwa jambo dogo, la kupuuzwa: spika ya kushoto ilivuta pumzi.

Hakuna wimbo uliokuwa ukipigwa. Fundi huyo wa redio alikuwa ameinama mezani juu ya kisanduku alichokiunda kwa mikono yake, kile kinachopokea namba za kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Pumzi ikaingia polepole. Ikakaa. Ikatoka.

"Afadhali hiyo kuliko mvumo," alijisemea, akacheka peke yake.

Mvumo ndio uliomtesa. Kila Ijumaa baada ya sala, mafundi wa mtaa hukutana kwa mwenzao Barau, kila mmoja na kisanduku chake, na kila Ijumaa cha Lawwali kilinguruma chinichini. "Lawwali, umetuletea muziki au umebandika uji?" Barau humtania, watu wakashika mbavu. Lawwali aliona aibu, na aibu ikamtia ukaidi.

Basi akafanya kama wafanyavyo mafundi wote wa huko wakati upepo wa vumbi unapoikausha ardhi ikakataa kupokea umeme. Alipigilia fimbo ya shaba uani, akaizungushia mkaa, akaunga waya kutoka kwenye fimbo hadi kwenye kisanduku ili mvumo uzame ardhini, na kila alasiri akaimwagia maji ya chumvi. Ila ua wake ulikuwa mgumu, na sehemu laini ilikuwa moja tu, chini ya mkwaju. Kwao hakuna mtu anayemwaga hata maji ya kunawa chini ya mkwaju bila kutamka Bismillahi na kuwaomba radhi walioko chini. Lawwali alikuwa na haraka.

Wala hakuishia hapo. Pale sauti inapotokea kwenda nje, aling'oa kapasita mbili ambazo kazi yake ni kuzuia umeme usiotakiwa usipite. Mlango akauacha bila bawabu. Alidai kapasita zinaifunika sauti blanketi, na kwamba ameshapima, hakuna cha kuzuia.

Mvumo ukafa. Sauti ikawa safi hadi akamsikia mwimbaji akimeza mate. Kisha zikaja zile pumzi, na siku ileile binti yake Ladidi, mtoto wa miaka minne, akashikwa na homa.

"Baba Ladidi," mkewe Talatu alinong'ona mlangoni. "Ulipomwaga yale maji mtoto kapiga ukelele. Kashika paja. Njoo unuse humu chumbani."

Lawwali akaenda, akanusa. Nywele zilizoungua.

"Ni lehemu yangu hiyo."

"Lini lehemu ikanuka nywele? Mume wangu, nakuomba, ing'oe hiyo fimbo."

"Ijumaa ikipita naing'oa. Acha nimzibe Barau mdomo, mara moja tu."

"Mtoto anaungua, wewe unamuwaza Barau!"

Akarudi mezani kwake. Alasiri ya kesho yake akamwaga tena maji ya chumvi, na safari hii alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Ladidi alilia chumbani na spika ikalia mezani, kilio kilekile, ila spika ndiyo iliyoanza.

Akachomoa waya wa umeme ukutani, spika ikaendelea kulia. Akachomoa kompyuta, akazima amplifaya, akachukua kipimo chake na kukigusisha pale alipong'oa kapasita, na mshale ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, taratibu, sawasawa na kifua cha mwanawe kilivyokuwa kikipanda na kushuka kule kitandani, na hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtiririka mgongoni, kwa maana kisanduku hakikuwa na umeme hata chembe, na kitu pekee kilichobaki kimeungwa nacho, mbali na spika, ni ule waya unaokwenda chini ya mkwaju.

"Talatu," aliita. "Kamwite Inna Delu. Kimbia."

Inna Delu, bibi mpunga majini wa mtaa, alikuja na ubani na kibuyu cha maziwa. Hakuuliza mengi. Aliketi mbele ya spika kama anavyoketi mbele ya wagonjwa wake, akafukiza.

"Wewe nani, mwenzangu? Unataka nini kwenye nyumba ya watu?"

Sauti ya mwanamke ikatoka, ya chini sana, safi, bila mvumo wowote.

"Mwanangu alikuwa amelala. Mmemtoboa paja. Na kila siku mnamtia chumvi kwenye kidonda."

Talatu akajiziba mdomo. Lawwali alikwisha toka mbio uani. Aliishika fimbo kwa mikono mitupu, ikamuunguza viganja, hakuiachia; aliivuta huku akilia na kuomba radhi, na ilipotoka ncha yake ilikuwa imelowa maji mazito yanayonuka nywele. Inna Delu alimimina maziwa shimoni hadi tone la mwisho, akafukia.

Spika ikanyamaza. Homa ikashuka kabla ya magharibi. Ladidi akaketi, akaomba fura, kile kinywaji cha uwele na maziwa, akainywa bakuli zima, na mama yake akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Lawwali alipiga magoti kando ya kitanda kwa furaha, akasahau viganja vyake. Inna Delu peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Mama," Ladidi alisema, akijifuta maziwa mdomoni na kuanza kushuka kitandani. "Yule mama wa chini kaondoka?"

"Kaondoka, mwanangu. Harudi tena."

"Anarudi. Kasema anamzika wa kwake kwanza. Matanga yakiisha, anakuja kunichukua mimi."

Talatu alimnyakua kabla nyayo zake hazijagusa sakafu, akabaki amesimama naye katikati ya chumba, hathubutu kumweka chini.