Mukeke wa Kibandiko cha Kijani

Nizigama alikutwa alfajiri amekufa sakafuni, nyumbani kwake Kavimvira, Uvira. Kufikia asubuhi ndugu zake walikuwa wamemfikisha mkewe, Agathe, mama wa Shalom, mahabusu. Walisema amemtilia mumewe sumu kwenye samaki wa jana usiku, na kwenye mazishi ya saa nane hatakanyaga.

Inspekta Ninahazwe hakupenda kesi zinazohukumiwa na mashemeji. Alimfuata Agathe mahabusu.

"Samaki ulipika weye. Juu ya nini hukukula?"

"Ilikuwa inanuka, Komanda. Minye na batoto tulikula mboga ya lengalenga. Nizigama akasema karatasi iko kijani, basi samaki iko muzuri."

Huko Kavimvira, pakiti ya pili ya samaki hao, mukeke wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa bado jikoni, imefungwa. Kibandiko chake chenye chembe za nano hugeuka njano samaki akianza kuoza. Kilikuwa kijani. Inspekta alipoifungua, uvundo ulimrudisha nyuma. Chini ya mukeke aliona mbegu mbili za ndimu.

Kila mama wa Uvira huosha samaki kwa ndimu, lakini nyumbani, pakiti ikishafunguliwa. Huyu alioshwa kiwandani, kabla pakiti haijafungwa.

Daktari Déogratias alimaliza uchunguzi wa maiti saa tano. "Hakuna sumu ya kutiwa. Ni ya samaki aliyeoza, na moto hauiui."

Inspekta akaenda Kalundu, kwenye kiwanda cha samaki. Fabiola, mkemia aliyebuni vibandiko hivyo, alimpokea na kuelezwa kifo cha Nizigama.

"Ndimu inafanya nini kwa kibandiko chako?"

"Inafunga hewa ya uozo, ile moja tu kibandiko kinasikia; harufu ingine inabaki. Kibandiko hakisikii kitu."

"Nani anajua hilo hapa?"

"Minye peke yangu."

"Basi niambie ilivyokuwa."

Fabiola akaketi. "Friji zilizimika siku mbili. Vibandiko vyote vikageuka njano, na kesho yake bageni balikuwa banakuja kuviona. Miaka sita nilibembeleza batu baamini kazi yangu. Nikaosha samaki na ndimu, nikabandika vipya. Nilitaka kuzitupa kisha. Gari ikatangulia kuzipeleka soko. Nikanyamaza."

"Kibandiko kilisema kweli, ukakiziba kinywa."

"Lakini ilinuka, Komanda. Juu ya nini alikula?"

"Alikuamini weye kuliko pua yake."

Fabiola akainamisha kichwa, akanyoosha mikono kwa pingu.

Saa saba na nusu Inspekta alifungua mlango wa mahabusu yeye mwenyewe. Agathe alikuwa ameshikilia kitenge chake kwa mikono miwili.

"Mama Shalom, simama. Twende ukamuzike bwana yako."