Ubavu wa Kushoto

Mwokaji alikutwa amekufa saa tano asubuhi ndani ya bekari yake. Alikuwa amekaa sakafuni, ubavu wa kushoto umebanwa na ukuta wa tanuri, kisogo kimevimba. Mkewe alikuwa amepita mara mbili akidhani amesinzia.

Daktari wa polisi alichomoa kipimajoto kwapani. "Bado ana joto. Alikufa kama saa tatu asubuhi hivi."

Sajini akamgeukia mjane. "Saa tatu ulikuwa hapa peke yako, mama."

"Nilikuwa nafua uani! Nimuue mume wangu ili iweje?"

"Basi nani? Shemeji yako yuko njiani tangu saa kumi na mbili anagawa mikate. Wenye maduka wote wamemwona." Sajini akatoa pingu.

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta.

Alichuchumaa, akaweka kiganja kwenye shavu la kulia la marehemu. Baridi. Akapenyeza mkono kati ya ubavu na ukuta, akautoa upesi. Matofali yalikuwa yakichoma.

"Daktari, ulipima kwapa lipi?"

"La kushoto, lile la..." Daktari akautazama ukuta wa tanuri.

"Pima la kulia."

Tofauti ilikuwa nyuzi sita.

"Mwili ukipoa wenyewe haupoi upande mmoja," alisema Inspekta. "Huku matofali yanaupasha kwa kugusana nao. Kule upepo wa dirishani unachukua joto na kwenda nalo."

Daktari alijaribu kukunja mkono wa marehemu. Ulikuwa umekakamaa. "Nimekosea, afande. Mwili haukakamai hivi kwa saa mbili. Huyu alikufa kabla ya saa kumi na mbili."

Saa hizo ndani ya bekari walikuwa watu wawili tu, marehemu na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, kreti tupu mikononi.

"Ulimwacha kaka yako mzima?" Inspekta alimuuliza.

"Mzima kabisa, afande."

"Mbona unga sakafuni una michirizi ya visigino, kutoka mashine ya kukandia mpaka hapa? Ulimburuta kwenye joto ili utupoteze."

"Hapana!" Kreti ilianguka. "Nilimsukuma, akajigonga kwenye chuma cha mashine. Nikamwita, kimya. Mikono ikaanza kupoa. Nikamsogeza ukutani apate joto, nikisema labda atazinduka. Nilipoona amekwisha, nikapakia mikate nikaondoka. Sikujua la kufanya."

"Mligombania nini?"

"Mwanangu." Alijifuta uso kwa mkono wenye unga. "Mama yake alifariki, nikamwachia kaka mtoto wa miezi minne. Sasa ana miaka kumi na miwili, ananiita baba mdogo. Nilimwomba kaka amwambie ukweli. Akasema nisubiri. Miaka yote ni subiri, subiri! Nikashikwa na hasira."

Mjane alimkazia macho.

"Safari hii mimi na kaka yako tulishakubaliana kumwambia, shemeji. Tulitaka tu mtoto amalize mitihani. Anamaliza kesho."