Mama Alipokwenda Hangani

Kila asubuhi Kafedha aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akamwosha uso nduguye Tsofa kabla ya kwenda shule. Kazi hizo alikuwa amezizoea tangu babake, Gona, aende vitani Bama, ng'ambo ya bahari. Jipya lilikuwa moja tu: mama hakuwapo nyumbani Chaani.

Mama yao, Sidi, alikuwa amekwenda Ribe kumzika mamake. Kwao, mtoto wa marehemu haondoki hangani, yaani matangani, mpaka anyolewe kichwa. Na hanga lile lilikuwa la ngoma na tembo la mnazi, mambo ambayo kanisa lilikataza katakata. Mama hakumwambia Kafedha aseme uongo. Mtoto mwenyewe aliogopa, asije mama akatengwa na kanisa.

Basi Mwalimu Elkana, mtu wa bara aliyewafundisha shuleni na kanisani, alipouliza habari za mama, Kafedha alisema kaenda kisimani. Siku nyingine akasema kaenda shamba, na nyingine, yu mgonjwa kalala. Lo, mgonjwa! Mwalimu aliingia kumtazama, akakuta kitanda kitupu na watoto wakila muhogo wa jana.

"Mama yenu amewatupa," akasema. Palepale akaeleza kwamba atawapeleka kwa mudiri, mkuu wa serikali pale, ili Tsofa apelekwe kulelewa pamoja na wavulana wa misheni, na Kafedha kwingine na wasichana. Kafedha akamvuta Tsofa karibu. Hakuwa amewahi kulala mbali na nduguye.

Mudiri alikuwa mzee wa Mvita, mpole wa maneno. Kafedha akamwamkia shikamoo, naye akamwuliza mamake yu wapi.

"Kaenda kisimani," Kafedha akajibu kwa mazoea.

"Kisima gani hicho, mwanangu, mtu akienda harudi?"

Tsofa akaanza kulia, kashika gauni la dadake. Hapo Kafedha akasema yote: msiba, hanga, kunyolewa. Mudiri akamwuliza waliachiwa nani.

"Bibi Nyamvula, jirani yetu. Mchana huwa shambani, jioni hutupikia na tunalala kwake. Mama aliacha mahindi na muhogo, akasema akishanyolewa atarudi."

Nyamvula akaitwa, akaja na matope miguuni, amekasirika kweli. Alisema alikabidhiwa watoto wale na Sidi, mume wake yeye Nyamvula akishuhudia, na hakuna aliyewatupa.

"Mwalimu," mudiri akasema, "mzazi kutokuwapo si kumtupa mtoto. Amtupaye ni yule aondokaye asimwachie mlezi wala chakula, wala hana nia ya kurudi. Huyu mama hana kosa." Kisha akamgeukia Kafedha. "Ila uongo wako ulimfanya aonekane analo. Ulitaka kumkinga mamako, nusura umpoteze nduguyo."

"Abee," Kafedha akaitika, macho chini.

Mama alirudi siku chache baadaye, kichwa kimenyolewa. Kafedha alimwungamia yote huku akilia. Mama akamwambia hakuna aibu katika kumzika mzazi, na kwamba shida yake na kanisa angeibeba mwenyewe.

Jumapili mama alijifunga leso kichwani. Walipofika mlangoni pa kanisa, akaifungua, akaitia kwapani.

Mwalimu Elkana alikitazama kile kichwa. Akamwuliza Kafedha tena, polepole, mamake alikuwa wapi.

"Alikuwa hangani, Mwalimu. Alimzika nyanya."

Mwalimu akampa mama mkono. "Pole kwa msiba," akasema. "Na wewe Kafedha, ungenijibu hivi siku ya kwanza, ningekuja kwenu na pole, si na mashtaka."