Kesho ya Seremala

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na karakana mbele. Humo karakanani baba alitengeneza vitanda, meza, milango na, ilipobidi, majeneza. Alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa na tatizo moja ambalo mtaa mzima ulilijua. Hakukataa kazi ya mtu yeyote, wala hakumaliza kazi siku aliyosema.

"Fundi, kitanda changu vipi?" mteja angeuliza.

"Njoo kesho."

"Si hata jana uliniambia kesho?"

"Na leo nakwambia kesho. Mimi sina maneno mawili."

Mteja angecheka, akaenda zake. Binti wa fundi hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na watu walimwita Kimya. Jina hilo alilipata mwaka uliopita, mama yake alipofariki. Tangu hapo alipiga msasa mbao, akapika, akalala. Siku zilipita zikifanana.

Chumbani mlikuwa na cherehani ya mama, imefunikwa shuka. Meza yake ilikuwa na mguu uliolegea. Kwa miaka miwili mama alimwomba baba aukaze mguu ule, na kwa miaka miwili aliambiwa kesho. Alishona huku tofali likiushikilia. Alipokufa, baba alimtengenezea jeneza kwa siku moja. Hiyo ndiyo kazi pekee ambayo Kimya aliwahi kuiona ikiisha kwa wakati. Hakumwambia baba yake neno hilo, lakini lilimkaa moyoni.

Siku moja akaja Mama Nesi, jirani yao. Alikuwa muuguzi mstaafu, na sasa alikuwa mlezi wa klabu ya maendeleo ya vijana pale mtaani. Alitaka benchi. Baba akamwambia aje kesho. Mama Nesi akamgeukia binti.

"Na wewe, mwanangu, utapiga msasa mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Njoo klabuni Jumamosi. Tunasafisha mitaro, tunasoma na watoto, tunawasaidia wazee wanaoishi peke yao. Njoo kwanza kama mgeni, utazame tu."

"Wanalipa?" baba akauliza kutoka kwenye randa yake.

"Hatulipi. Ni kazi ya kujitolea. Ila kijana anajifunza kazi, anajuana na watu, na mtaa unamjua."

"Kazi bila ujira," baba akanung'unika. Lakini hakumkataza.

Kimya alikwenda mara mbili kama mgeni. Mara ya tatu alijaza fomu. Mama Nesi akamweleza taratibu polepole, kama anayempimia mgonjwa dawa.

"Mwanachama mpya anachagua kazi moja tu kwa miezi mitatu. Kwa wazee tunakwenda wawiliwawili, hatwendi peke yetu. Ukipata dharura, mwambie mwenzako mapema ili yeye aende. Kusema 'siwezi' si aibu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Akachagua kwenda kwa Bibi wa Kona kila Jumatano. Bibi huyo aliishi peke yake mwisho wa barabara, na goti lake moja lilikuwa bovu. Mwenzake Kimya katika kazi hiyo alikuwa kijana mmoja kinyozi. Walimtekea bibi maji, wakamfulia, na mara moja kwa mwezi wakapeleka kadi yake zahanati kumchukulia dawa za presha.

Bibi alikuwa na mdomo. "Huyu kinyozi anaongea kama redio," alisema, "na huyu mwingine hata betri hana." Kimya akacheka. Alikuwa hajacheka kwa miezi mingi, na kicheko kile kilimshangaza mwenyewe.

Basi akanogewa. Kiongozi wa usafi alimwomba asaidie kwenye mitaro, akakubali. Wa watoto akamwomba, akakubali. Wa michezo naye akamwomba, akakubali. Hakumwambia Mama Nesi. Kwao neno "siwezi" halikuwahi kutamkwa, na yeye alikuwa mtoto wa nyumba ile. Tena alipokuwa na kazi nyingi, hakupata nafasi ya kumfikiria mama.

Jumatano moja kinyozi alimpitia. "Leo ni siku ya dawa za bibi. Twende?"

"Wewe nenda kazini kwako. Nitakwenda mwenyewe."

"Peke yako? Mama Nesi alisema wawili."

"Ni kuchukua dawa tu, kaka. Usijali."

Siku hiyo watoto walichelewa kumaliza kusoma, na zahanati ikafungwa. Kimya alipita kwa bibi akikimbia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia mwimo. Kibakuli cha vidonge mkononi kilikuwa kitupu.

"Nitakuletea kesho, bibi."

Alhamisi walizibua mtaro. Alitoka na matope mpaka magotini. Akapita tena.

"Kesho, bibi. Kesho bila kukosa."

Bibi alimtazama. "Sawa, mjukuu wangu," alisema, akaegemea ukuta kurudi ndani.

Ijumaa asubuhi bibi aliamua kwenda zahanati mwenyewe. Alikuwa hajameza dawa kwa siku mbili. Kichwa kilimuuma, macho yakaingia kiza. Alipokanyaga ubao wa kuvukia mtaro alipata kizunguzungu, akaanguka. Ulikuwa mtaro uleule aliouzibua Kimya jana yake. Ulikuwa safi kabisa.

Nyonga ilivunjika.

Kimya alimkuta Mama Nesi kwenye korido ya hospitali. Alilia mpaka akakosa pumzi. Mama Nesi alimwacha alie, hakumbembeleza.

"Atapona?"

"Ataishi. Kutembea kama zamani, hapana. Dawa za presha hazirukwi, mwanangu. Mgonjwa akijisikia vizuri anameza, akijisikia vibaya anameza. Zikikaribia kuisha, zinachukuliwa kabla, si baada."

"Mimi ndiye niliyemvunja."

"Umekosea, na mimi nimekosea kutokukagua zamu. Kinyozi naye angeniambia. Ndiyo maana tunakwenda wawili, mmoja akishindwa mwingine aone. Lakini nataka unijibu. Kazi nyingine zile ulizichukuaje?"

"Waliniomba."

"Mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika nne. Anayejitolea hapimwi kwa wingi wa kazi alizokubali. Mtu anakungoja. Hicho ndicho kipimo."

Kimya alirudi nyumbani akiwa na jambo la kusema, na safari hii hakulimeza. Baba alikuwa anamwambia mteja aje kesho.

"Baba, mimi pia nilisema kesho," Kimya alisema baada ya mteja kuondoka. "Nilimwambia bibi kesho mara mbili. Sasa hatembei."

Baba aliweka randa chini.

"Mama naye aliambiwa kesho miaka miwili," Kimya akaendelea. "Jeneza lake ulilimaliza kwa siku moja."

Baba alikaa juu ya gogo, akaangalia mikono yake muda mrefu. Kimya alidhani atamfokea. Badala yake mzee alifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akaziacha nyusi zake nyeupe.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," alisema mwishowe. "Nimekufundisha mabaya, mwanangu."

Wiki ile Kimya alisimama mbele ya wanachama wenzake, akaeleza alichokifanya. Ilikuwa chungu kuliko msiba, maana msibani watu humpa mtu pole. Akaacha kazi tatu, akabaki na moja. Klabu nayo ikatundika ubao wa zamu ukutani. Kila mzee akaandikiwa wawili wake na siku ya dawa, wiki moja kabla hazijaisha. Asiyeweza kwenda aliandika mapema, na mwenzake akatafutiwa mtu.

Baba alitengeneza kigari cha mbao cha kushikia wakati wa kutembea, kwa ajili ya bibi. Alisema kitakuwa tayari Jumatano, na Jumatano kikawa tayari. Baada ya hapo alianza kuandika tarehe kwa chaki mlangoni mwa karakana, na akishapata kazi tatu kwa wiki, mteja wa nne aliambiwa, "Siwezi, jaribu kwa fundi mwingine." Wengine walinuna. Wengine walirudi na ndugu zao, maana walipoambiwa Jumamosi walipata Jumamosi. Mguu wa meza ya cherehani aliukaza pia. Kazi yote ilichukua muda wa kuchemsha chai. Alipomaliza aliifunika cherehani kwa shuka lilelile, akatoka nje na lile tofali.

Bibi alirudi nyumbani baada ya wiki nyingi. Jumatano ya kwanza Kimya na kinyozi walibisha hodi mara tatu. Komeo lilikuwa limefungwa.

"Nani?"

"Ni mimi, bibi. Kimya."

"Ahaa, Bi Kesho." Alichukua muda mrefu kufungua. Walisikia kigari kikiburuzwa sakafuni, hatua kwa hatua, na Kimya alihesabu kila mburuzo kama adhabu yake.

Wakaja Jumatano ya pili, na ya tatu. Kinyozi alipougua aliandika ubaoni, akaja mwingine. Bibi aliendelea kumwita Bi Kesho, na Kimya aliitika.

Jumatano ya saba mvua ilinyesha tangu asubuhi. Barabara ikawa tope tupu. Walifika wameloa, dawa wamezifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kimya akanyoosha mkono kubisha hodi. Mlango ukasogea wenyewe. Komeo halikuwa limefungwa.

Bibi alikuwa kitandani, kigari kando yake, vikombe vitatu vimepangwa mezani.

"Bibi, mbona umeacha mlango wazi?"

"Kwani leo si Jumatano?" bibi akasema. "Ingieni, mnalowa."